UZI: Maadmini wa magrupu ya hobi mnadhani tunakula nini? (wapenzi wa baiskeli za zamani Tanga pitieni hapa)

#1 Keria_ya_Nyuma (mleta mada)

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Nimeona bora niuanzishe huu uzi huku nje, maana kule ndani ya grupu ukiyasema haya unaambiwa unajitetea. Mimi ni mmoja wa maadmini wa grupu la WhatsApp la wapenzi wa baiskeli za zamani hapa Tanga, yani Raleigh, Phoenix, Avon, Hero, zile za chuma zenye keria ya kubebea kiroba cha unga na mtu juu yake, na wenyeji mnajua mji huu bila baiskeli hauendi, ukae Ngamiani ukae Sahare ukae Pongwe. Juzi kati kuna mtu tulimtoa, basi tangu atoke imekuwa gumzo kila kijiwe, oo maadmini miungu watu, oo maadmini wanakula na madalali. Yeye sitaki kumjadili hapa hayupo kujibu. Nataka kazi yenyewe, maana wanaoisema ni wengi na wanaojua inavyofanyika ni wachache mno.

Watu wanadhani kazi ya admini ni kufuta. Kufuta ni sekunde moja yakhe, unabonyeza unashikilia unafuta, siku hizi WhatsApp inamruhusu admini afute posti ya mtu yeyote. Kazi iko kabla ya kufuta. Nitoe mfano mmoja. Usiku watu wameshaswali isha wameshakula, jamaa anatupia picha ya Raleigh nyeusi, kengele inang'aa, tandiko la ngozi, anaandika "original ya mwaka 1952 bei laki tano maongezi yapo". Dakika haijaisha mzee mmoja fundi anamwambia tuonyeshe habu ya nyuma, yani kile kitovu cha gurudumu. Sasa wasiojua, zile habu za gia tatu za Sturmey-Archer zimegongwa namba kwenye bati lenyewe, utaona herufi AW halafu namba za mwaka na mwezi, ukifuta grisi unazisoma vizuri tu. Jamaa akagoma kutuma picha. Mzee akasisitiza. Picha ikaja, habu imeandikwa 71. Hapo ndipo moto ulipowaka, mmoja anasema tapeli, mwingine anasema habu inaweza kubadilishwa fremu ikabaki ya zamani (na hilo ni kweli kabisa, habu inakwambia mwaka wa habu, haikwambii mwaka wa baiskeli), wa tatu kaingia na matusi ya nguoni ambayo hata sijui yalihusianaje na Raleigh.

Admini anafanyaje hapo? Ukifuta yote umeua somo zuri kuliko yote tuliyopata mwezi ule. Ukiacha yote kuna watoto wa sekondari mle na kuna akina mama. Nilichofanya, matusi nikayafuta, habu nikaiacha, muuzaji nikamfuata inbox nikamwambia ndugu yangu andika "fremu siijui mwaka, habu ya 71" utauza tu kwa heshima, halafu nikampigia yule mzee simu kumwomba apunguze ukali maana mzee akishaandika kwa herufi kubwa grupu zima linanyamaza. Mpaka tumemaliza ni saa sita na nusu usiku na asubuhi nina kazi. Hakuna aliyeona chochote kati ya hayo, walichoona ni "ujumbe huu umefutwa na admini" basi wakaanza, demokrasia iko wapi.

Hiyo ndiyo kazi. Na hailipwi hata bando. Nauliza, mnaionaje? Alipwe? Asilipwe? Au tuyaache magrupu yajiendeshe yenyewe tuone?

#2 Mpita_Njia_Chumbageni

Nakaa hapa na kahawa yangu na kashata, endeleeni

#3 SpokiMbovu

Mkuu umeandika vizuri ila wacha nikwambie ukweli, nyie maadmini mnaipenda hiyo kazi. Ingekuwa inauma hivyo mngeshaacha. Mtu akipewa kale ka jina ka "admini" pembeni ya namba yake anavimba kama kapewa ukatibu kata. Mimi nilitolewa grupu moja la wavuvi wa mshipi kwa kuuliza tu kwanini admini anaposti vyakula vya mkewe kila siku wakati sisi hatuposti hata nyuzi za kuvulia. Hilo mbona hulisemi?

#4 Keria_ya_Nyuma

SpokiMbovu hilo nalisema na nalisema kwa sauti. Admini akiwa muuza bidhaa ndani ya grupu analolisimamia hapo hamna admini tena, kuna mwenye duka. Kwetu tumekubaliana admini hauzi, hanunui kwa ajili ya kuuza, wala hamuunganishi mtu kwa cha juu. Akitaka kuuza anashuka uadmini kwanza. Mmoja wetu alishashuka kwa sababu hiyo, akauza vitu vyake, yuko mle mwanachama tunaheshimiana.

Kuhusu kupenda, ndio napenda, sasa nikisema sipendi nitakuwa namdanganya nani? Lakini mtu kupenda kuimamu haina maana msikiti haumchoshi.

#5 Fundi_Makorora

Mimi ni fundi na nipo kwenye hilo grupu, ngoja niseme upande wa mafundi kidogo maana tunaumia kimyakimya. Sisi mle ndio tunajibu maswali. Mtu anauliza Raleigh yake pedeli inacheza, anapewa ushauri na kijana ambaye hajawahi kushika spana, "nunua tu vibakuli vipya fundi akaze". Hajui kwamba Raleigh nyingi za Nottingham thredi za pale kwenye ekseli ya pedeli, vinapokazwa hivyo vibakuli, ni 26 kwa inchi, za kawaida za Kiingereza ni 24. Ukilazimisha za 24 mule zinaingia mizunguko miwili halafu zinaanza kula, fremu ya miaka sitini imekwisha kwa vibakuli vya elfu chache. Nikaandika pale kwa ukali kidogo kwamba huo ushauri ni wa kuua baiskeli, admini akanifuta mimi, kijana akabaki!!! Kosa langu eti "lugha". Sawa lugha, na fremu ya mwenye baiskeli nani atailipa?

Halafu tangazo langu la kazi haliruhusiwi mpaka Jumamosi, wakati ushauri wangu wa bure mnautaka Jumapili mpaka Ijumaa.

#6 Keria_ya_Nyuma

Fundi wangu hilo la thredi sikuwepo zamu ila nimelisoma baadaye, na ushauri ule wa kijana ndio ulipaswa ufutwe kwanza, wako ubaki umepunguzwa neno moja tu unalijua mwenyewe 😂. Admini wa hobi lazima ajue hobi yenyewe, hapo ndipo magrupu mengi yanapokosea, wanamweka mtu mpole mwenye bando badala ya mtu anayejua kutofautisha tairi ya 28 na ya 26. Mtu mpole asiyejua kitu atafuta sauti kubwa ataacha uongo wa sauti ndogo. Na uongo wa sauti ndogo ndio unaoharibu mali za watu.

La Jumamosi nitawapelekea wenzangu. Mi naona fundi anayejibu maswali angewekwa jina na eneo lake kwenye maelezo ya grupu moja kwa moja, asihitaji tangazo.

#7 Bibie_wa_Raskazone

Naomba na mimi niseme maana naona mnaongelea habu na thredi tu. Sisi wanawake mle tuko wachache, mimi nilirithi Phoenix ya baba yangu nikaingia nijifunze kuirudisha rangi. Siku ya kwanza tu nimeuliza swali, usiku nimepata meseji kutoka namba tano tofauti, "mambo dada", "nimeona DP yako", mmoja anataka anifundishe baiskeli beach. Swali langu la rangi hakuna aliyejibu hata mmoja. WhatsApp namba yako inaonekana na kila aliyemo, mko mia ngapi sijui, na kila mmoja anaweza kuichukua akaifanyia anachotaka.

Aliyenisaidia ni admini, tena alinishangaza, hakuniambia nipuuze. Aliomba skrinshoti, akaandika mle ndani bila kunitaja kwamba atakayemfuata mwanachama inbox bila ruhusa anatoka siku hiyohiyo, wawili wakatoka kweli. Kwa hiyo wanaosema admini hana kazi wanasema hivyo kwa sababu wao hawafuatwi inbox.

#8 Goroli

Bibie pole sana. Ndio maana mimi nilishauri tuhamie Telegram, kule unaficha namba watu wanaona jina tu, na grupu linabeba mpaka watu laki mbili wakati WhatsApp mwisho 1,024. Wazee wakagoma, mzee anakwambia Telegram ni ya watu wa kupakua filamu. Halafu siku hizi hii habari ya namba na picha za watu si mchezo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi 2023. Unakuta mtu anakokota namba zote za grupu anazipeleka kwenye grupu lake la vidonge vya kupunguza tumbo.

#9 Mzee_wa_Barabara_ya_Kumi

Assalam aleikum vijana. Mimi naunga mkono walipwe. Tuko watu wengi, kila mtu akitoa buku kwa mwezi maadmini wanapata bando na chochote kitu. Mbona harusi tunachanga, msiba tunachanga, mpira wa Coastal tunachanga? Mtu anayelala saa saba kwa ajili ya baiskeli zenu mnamnyima elfu moja? Si uungwana huo.

#10 SpokiMbovu

Mzee shikamoo. Lakini ukishamlipa huwezi kumsema tena?? au ndio utamsema zaidi

#11 Keria_ya_Nyuma

Wa aleikum salaam mzee wangu, shikamoo. Nashukuru kwa moyo huo ila mimi binafsi nakataa, na sikatai kwa ustaarabu, nakataa kwa sababu nimeona inakoelekea.

Kuna kisa cha AOL kule Marekani. Miaka ya 90 ile ndiyo ilikuwa kampuni kubwa ya intaneti kwa watu wa majumbani, ina vyumba vya chati na mabaraza ya kila hobi, na waliokuwa wakivisimamia ni watu wa kujitolea, maelfu. Hawakulipwa mshahara, walipewa intaneti bure au kwa nafuu, na kipindi kile watu wanalipia intaneti kwa saa kwa hiyo ilikuwa zawadi ya maana. Polepole zawadi ikaja na masharti. Ukawa na zamu, unaandika ripoti, una mafunzo, una mtu juu yako anakuuliza kwanini jana hukuingia. Mwisho wa mwaka 1996 kampuni ikahamia malipo ya mwezi mzima kwa bei moja, ile zawadi ya saa za bure ikapungua thamani lakini zamu zikabaki palepale. Mwaka 1999 baadhi yao wakaenda mahakamani wakisema sisi hatujitolei, sisi ni wafanyakazi mliotunyima mshahara. Kesi ikavutwa weee mpaka 2010 ikaisha kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 15.

Sasa sisi hatuna kampuni wala milioni, ila mchezo ni uleule. Mzee leo unanipa buku, kesho nikichelewa kufuta tusi utaniuliza, na utakuwa na haki ya kuniuliza. Keshokutwa mwenye duka la spea atatoa elfu hamsini kwa sababu "anaipenda hobi", halafu posti inayosema tairi zake zinapasuka nitaifuta au nitaiacha? Nikiwa sina chenu mkononi naweza kuwaambia nyote hapana, na nikichoka naondoka bila deni.

#12 Fundi_Makorora

Hapo sikubaliani na wewe mleta mada. Ya AOL ni kampuni ilikuwa inatengeneza pesa kwa mgongo wa watu. Huku hakuna anayetengeneza pesa. Mchango wa bando ni kama kumnunulia mtu chai kijiweni, hakuna mtu anashtakiana kwa chai. Wewe una kazi yako ya mshahara ndio maana unaweza kukataa, mwenzako admini wa pili ni bodaboda, kila dakika anayojibu grupu ni abiria kampita. Ukisema asilipwe mtu, unasema maadmini wawe wenye uwezo tu.

#13 Keria_ya_Nyuma

Fundi hiyo ya bodaboda imenigusa, kweli kabisa na sikuwahi kuitazama hivyo. Bado siafiki mchango wa kila mwezi. Lakini zamu zipunguzwe, maadmini waongezwe, yeye abaki na Jumapili asubuhi tu. Wanaotaka kumnunulia bando wamnunulie yeye kama rafiki yao, isipitie kwenye grupu wala isiandikwe orodha.

#14 Goroli

Mnaongelea AOL ya wazee, mbona hamsemi Reddit, ule mtandao wa mabaraza, juzi tu 2023. Kule nako mamodi, yani maadmini wa kila baraza, ni wa kujitolea. Kampuni ikaamua kuanza kutoza programu za nje zinazosoma mtandao wao, mwenye programu moja ya hizo, Apollo, akapiga hesabu akaona atadaiwa kama dola milioni 20 kwa mwaka, akafunga. Na mamodi wengi walikuwa wanatumia programu kama hizo kufanyia kazi. Mwezi wa sita wakagoma, mabaraza zaidi ya elfu nane yakafungwa au kufanywa ya siri. Kampuni ikawajibu kwamba msipofungua tutaweka wengine. Na wengi wakafungua. Kwa hiyo kujitolea nako si kwamba uko huru sana, nyumba ni ya mwenye nyumba.

#15 Mpita_Njia_Chumbageni

Kahawa imeisha naagiza nyingine. Goroli umesoma wewe

#16 TandikoLaNgozi

Mimi ndiye rafiki wa huyo mliyemtoa, na sijaja kwa ugomvi. Mwenzangu alichosema ni kwamba ile baiskeli iliyopostiwa inauzwa ni ya jirani yake, iliibiwa Mkwakwani siku ya mechi. Mkamtoa. Mwizi akabaki. Mleta mada umesema hutaki kumjadili, rahisi kwako.

#17 Keria_ya_Nyuma

Karibu TandikoLaNgozi, nashukuru umekuja na adabu zako. Kwa kuwa umelifungua wewe nitasema kidogo.

Hatukumtoa kwa kusema baiskeli imeibiwa. Alipoisema tu, tangazo tulilishusha palepale, bei ikaondoka, na muuzaji tukampigia. Tukawaambia wote wawili nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, mwenye baiskeli aende na namba ya fremu au risiti au shahidi, na ikibidi polisi. Zile fremu zina namba zimegongwa, si kitu cha kubishana kwenye simu. Rafiki yako akarudi mle akaweka picha ya uso wa muuzaji, namba yake, mtaa anaokaa, na neno MWIZI, na akaandika "tukimkuta tunajua cha kumfanya". Tukafuta, tukamwomba inbox. Akarudia. Tukafuta. Akarudia na picha ya mke wa muuzaji. Hapo tulimtoa na ningemtoa tena kesho asubuhi.

Unajua kwanini nilitetemeka? Tanga hii hii mtu akiitiwa mwizi barabarani unajua kinachofuata, hawaulizi namba ya fremu. Na ukiacha hilo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, taarifa ya uongo na kumtisha mtu mtandaoni vyote vimo, faini yake inaanzia milioni tano au jela kuanzia miaka mitatu, au vyote viwili. Hivi milioni tano ni Raleigh ngapi? Na baiskeli yenyewe mpaka leo hatujaambiwa iliishia ya nani, inawezekana kabisa rafiki yako alikuwa sahihi na mwizi ni mwizi. Admini hana uwezo wa kujua hilo na asijifanye anao.

#18 Bibie_wa_Raskazone

Picha ya mke wa mtu imefanya nini jamani 🤦🏾‍♀️

#19 TandikoLaNgozi

Hilo la mke sikuliambiwa. Alinieleza nusu basi.

Ila bado nina hoja. Mliamua watatu inbox huko, sisi tukaona tu "ameondolewa". Mngeandika sababu mistari miwili haya yote yasingekuwepo, wala wewe usingeanzisha uzi.

#20 Mzee_wa_Barabara_ya_Kumi

Hapo kijana umenena. Hata barazani mtu akizuiliwa kukaa wazee wanasema sababu.

#21 Keria_ya_Nyuma

Hoja naipokea nusu. Kusema sababu ndio, lakini kuna sababu ukizisema unamwaibisha mtu na familia yake mbele ya watu mia kadhaa, wengine wakwe zake. Labda tuseme kanuni iliyovunjwa bila kusema alichofanya, "ametolewa kwa kuweka taarifa za watu", inatosha. Nitawapelekea wenzangu hili na lile la Jumamosi la Fundi.

#22 SpokiMbovu

Na uchaguzi je? Maadmini tuwachague kila mwaka, kampeni, sera, tisheti 😂

#23 Goroli

Uchaguzi wa WhatsApp una kasheshe yake, aliyelianzisha grupu huwezi kumshusha uadmini hata mkipiga kura wote, mfumo hauruhusu, mpaka aondoke mwenyewe. Na admini akibaki mmoja halafu akajitoa kwa hasira, WhatsApp inamchagua yeyote tu inampa. Nilishaliona grupu la njiwa uadmini ukamwangukia jamaa aliyeingia kuuza maziwa.

#24 TandikoLaNgozi

Sawa, mimi na wenzangu tunaanzisha grupu letu la upande wa Duga na Mwakidila. Sio kwa ubaya. La kwenu limejaa.

#25 Keria_ya_Nyuma

Wala si ubaya, tena mmechelewa. Wekeni maadmini watatu tangu siku ya kwanza na mmoja awe fundi. Washeni ile ya kuidhinisha anayeingia kwa linki, msimwingize mtu bila kumuuliza. Na huyo rafiki yako akiwa admini basi picha za wake za watu aziache, mengine mtajua wenyewe.

Linki ikiwa tayari nitumie, nataka kuingia kama mwanachama wa kawaida tu, nina Avon inanisumbua breki za fito na sitaki kuiuliza kule kwetu wakaja kunicheka.

#26 Fundi_Makorora

Hizo fito umezipinda mwenyewe wakati unapanda mwinuko na mzigo. Ilete Jumatatu, elfu tatu.